Kokoto la Mama Mkwe

Wifi yangu tunamwita Kokoto. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kejeli, mwaka wa kwanza alipoolewa na kaka yangu, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Siku hizi hata yeye mwenyewe akipokea simu anasema, "Kokoto hapa, sema." Mimi na mdomo wangu ndivyo tulivyo. Nikitamka jambo leo kwa utani, kesho limeshakuwa sheria.

Nataka kueleza alivyo, kwa sababu watu wengi mjini wanamjua kwa buti na kofia yake tu. Na kwa sababu siku moja nilimwacha mama yangu mzazi jangwani kwenye jua la saa sita, na Kokoto ndiye niliyerudi naye kumtafuta.

Miaka kumi na minne alifanya kazi ofisi ya upimaji ardhi. Si mezani. Alikuwa porini, anabeba utepe wa kupimia na vigingi, analala kwenye hema jirani na wanaume saba wasiojua kufua soksi. Ofisi ilipopunguza watu, wa kwanza kupunguzwa akawa yeye. Badala ya kulia alikodi kachumba nyuma ya fundi baiskeli, akabandika ukutani ramani ya vilima aliyoichora kwa mkono wake, kila jabali kubwa likiwa na namba yake, akaanza kutembeza watu. Unajiandikisha kwenye ubao wake, Jumamosi alfajiri unapelekwa kwenye vilima vya jangwani, mnapanda taratibu kati ya majabali mpaka juu, mnapumzika, mnashuka kabla jua halijaanza kuchoma. Basi. Hiyo ndiyo kazi.

Mama hakuikubali kazi hiyo hata siku moja. "Watu wazima wenye miguu yao wanatembezwa kama mbuzi," alikuwa akisema, tena kwa sauti, Kokoto akiwa palepale jikoni anamwoshea vyombo. Kokoto anajibu, "Mbuzi hawalalamiki, mama," halafu anaendelea kusugua sufuria. Hawakuwahi kugombana. Ila ile adabu yao ilikuwa ya kukaza meno, na mimi nilikaa katikati yao miaka sita kama refa, filimbi mdomoni, nikizima moto kabla haujawaka. Nikiona mmoja anavuta pumzi ya kusema neno, mimi nimeshabadilisha mazungumzo. Nilijiona fundi wa amani.

Sasa hilo suala la makokoto. Pale gari linaposimama, chini ya vilima, kuna jiwe bapa kubwa kama meza ya watu wanane. Kabla ya kuanza safari kila mtu anaokota kokoto lake, analitazama mpaka alikariri, analiweka juu ya jiwe lile. Mkirudi, kila mtu anachukua lake analitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililowekwa kando ya jiwe. Jiwe likibaki tupu na kopo likitimia hesabu, ndipo Kokoto anawasha gari. Na kuna sharti moja analolirudia mpaka masikio yanauma: hakuna kumshikia mtu la kwake. Si mume kwa mke, si mama kwa mtoto. Mkono wa mwenyewe uwe umefika.

Nilimcheka sana. Siku moja tunamenya viazi nikamuuliza, "Wifi, kwa nini usihesabu vichwa tu kama watu wenye akili zao?"

"Tulikuwa tunahesabu vichwa," akasema. "Enzi za upimaji. Jioni watu wanapanda lori, wanashuka, huyu kasahau koti, yule anakojoa nyuma ya gurudumu. Mtu mmoja akahesabiwa mara mbili. Tukaondoka, mpishi wetu tukamwacha."

"Mkamkuta?"

"Kesho yake saa nne. Mzima. Lakini kupika ndiyo mwisho. Ukimpa kazi anakaa tu, anatazama barabarani."

"Nani alihesabu?"

Akachukua kiazi kingine. "Mimi."

Ningetakiwa kuelewa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na za hospitali, na simkabidhi mteja nguo kabla sijahesabu pini zote zimerudi kwenye kimto changu cha kuzichomeka. Pini moja ikikosekana, nguo haitoki. Hata hivyo niliendelea kucheka.

Mwaka ule mvua ilinyesha jangwani. Ilinyesha siku tatu, jambo ambalo watu walikuwa hawajaliona kwa miaka, na wiki chache baadaye habari zikaenea kwamba vilima vimeota maua. Mama aliyaona maua hayo mara moja tu maishani, akiwa msichana wa miaka tisa, amebebwa mabegani na baba yake. Akaniita. "Mwambie mke wa kaka yako," akasema, "nataka kwenda kuyaona kabla magoti hayajagoma." Kokoto alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nikaenda kumwambia. "Mwambie mama avae kofia," Kokoto akajibu, "na viatu vya kufunga." Nikarudi na majibu. Posta ilikuwa mimi.

Jumamosi ile tulikuwa kumi na wawili, kwa magari mawili. Gari la pili lilikuwa la Mwalimu, mzee mstaafu ambaye humsaidia Kokoto kuongoza kundi likiwa kubwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumesimama mbele ya jiwe bapa, hewa bado ya baridi, kila mtu ameinama anatafuta kokoto. Mama alichagua jekundu lenye mstari mweupe. Akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua moja, midomo ameibana.

"Na mtu asiporudi?" akamuuliza Kokoto. Sikumbuki kama aliwahi kumuuliza chochote kuhusu kazi yake kabla ya hapo.

"Likiwa hapa hatuondoki, mama."

"Mh," Mama akasema.

Ile mh naijua, nimekua nayo. Au nilidhani naijua. Nikaona ile midomo, nikajiambia: anajizuia asiseme, na leo nitakuwa na kazi.

Tukapanda. Sitatia chumvi kuhusu maua, maana yenyewe yalitosha. Majabali yale ni makubwa kuliko nyumba, yamelaliana hovyo, ya rangi ya ngozi ya mkate, na miaka yote kati yake hakuna kitu ila mchanga na miiba. Siku ile kila ufa ulikuwa na ua. Ya njano yametandaa chini kama kitambaa kilichoanikwa, meupe madogo yameingia hata kwenye mikunjo ya mawe, na mahali palipopita maji, ya zambarau, marefu, yanafika magotini. Mama alikuwa anatembea na fimbo yake, anasimama kila baada ya hatua kumi, anagusa. Hakuokota hata moja. Kule juu alikaa kwenye jiwe, akamenya chungwa, akalia kidogo bila kuficha, akasema, "Baba alikuwa mrefu sana." Kokoto alimtilia maji kwenye kifuniko cha chupa, akampa kwa mikono miwili. Niliwaona wamekaa bega kwa bega na nikafurahi moyoni.

Kushuka tuligawanyika. Muuguzi mmoja alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo Mwalimu akatangulia na wenye haraka, na Mama akaenda nao kwa kuwa Mwalimu anashuka polepole na ana mazungumzo. Kokoto alibaki nyuma na sisi wanne, wapiga picha. Makubaliano yalikuwa yale ya siku zote: Mwalimu akifika chini aondoke, tutakutana kituo cha mafuta kwenye lami, mwendo wa dakika arobaini kwa gari.

Karibu na Jabali la Ufa, lile lililopasuka katikati, njia inazunguka bonde kavu. Unaweza kupita kushoto au kulia. Kwa kawaida Kokoto hupita kushoto. Mimi nikaona zambarau zimejaa upande wa kulia, nikang'ang'ana kama mtoto.

"Mama yuko na Mwalimu?" akaniuliza.

"Yuko naye. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilimwona, kweli. Nilimwona nusu saa kabla. Tukapita kulia.

Tulifika chini saa sita na robo. Jua lilikuwa limeshakaa kichwani na gari la Mwalimu lilikuwa limeondoka. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwenye jiwe bapa, Kokoto bado yuko nyuma anamsaidia mtu aliyechubuka goti. Nikatazama juu ya jiwe. La Kokoto, langu, matatu ya wenzangu. Na jekundu lenye mstari mweupe.

Niandike nilichowaza, kama kilivyokuwa. Niliwaza: huyu mama yangu! Kaona aibu kuokota kokoto kama mtoto wa chekechea, kaingia garini kwa Mwalimu na kiburi chake, kaliacha makusudi. Nikaona yatakayofuata: Kokoto analikuta, ananuna, tunafika kituo cha mafuta, anamwambia Mama mbele za watu kwamba sheria ni ya wote, na Mama anampa vidonge vyake vya miaka sita palepale, siku waliyokaa bega kwa bega. Nikatazama nyuma. Hakuna aliyeniona. Nikachukua langu, nikachukua na lile jekundu, nikayatumbukiza yote mawili kwenye kopo.

Refa kapuliza filimbi.

Wenzangu wakachukua yao, Kokoto akafika, akatia lake kwenye kopo, akatazama jiwe, tupu. Akamwaga kopo kiganjani, akahesabu mara mbili kama kawaida yake. Kumi na mawili. "Haya," akasema, "twende zetu." Akawasha gari.

Kituo cha mafuta kina kibanda kimoja, pampu mbili na benchi. Mwalimu alikuwa kwenye benchi na soda mkononi. Nilishuka natafuta kofia ya Mama. Nilitazama ndani ya gari lake, nikatazama chooni, nikarudi.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza Mwalimu.

Akanitazama, akamtazama Kokoto. "Si mmekuja naye? Alibaki Jabali la Ufa, kwenye njia ya kushoto. Aliniambia, nyinyi endeni, namngoja binti yangu hapa. Nikawaona mnashuka kwa juu, dakika kumi tu nyuma yetu. Nikamwacha amekaa kivulini."

Kokoto alifungua mlango wa gari akatoa kopo, akalitikisa karibu na sikio, kama vile hesabu ingebadilika.

"Yapo kumi na mawili," akasema. "La kwake lilikuwamo. Nimeliona." Akageuka. Si kwa Mwalimu. Kwangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema sijui. Watu wangeanza kubishana, labda alishuka akachukua kokoto akarudi tena kutazama maua, na tungepoteza muda tukimtafuta huku chini, pasipo yeye. Hilo ndilo lililonifungua mdomo. Ushujaa haukuwepo.

"Nililichukua mimi, wifi. Nilidhani kaliacha kwa kiburi. Sikutaka mgombane."

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufukuzwa na mchumba, sijawahi kutazamwa vile. Haikuchukua hata sekunde tatu. Halafu akawa tayari yuko kazini. "Mwalimu, piga simu ya uokoaji sasa hivi, usisubiri. Waambie Jabali la Ufa, mama wa miaka sitini na nane, ana presha. Wapeleke hawa mjini. Wifi, jaza chupa zote."

Watu wa uokoaji walisema watachukua saa mbili kufika. Mama alikuwa na nusu chupa ya maji na machungwa. Ilikuwa saa saba.

Njiani kurudi Kokoto aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani. Mimi nililia, nikaona kelele zangu zinamsumbua, nikaacha. Nilijaribu kusema, "Wifi, nisamehe," akasema, "Tazama upande wako wa barabara. Kama ameamua kutembea, atakuja kwa huku." Nikatazama mpaka macho yakawasha. Hakuna aliyekuwa anatembea. Kulikuwa na mchanga tu, na hewa inayocheza juu yake.

Kwenye jiwe bapa alisimamisha gari. Nilidhani tutapita mbio. Yeye akafungua kopo, akachambua kwa kidole, akatoa lile jekundu akaniwekea mkononi.

"Rudisha ulipolitoa."

"Wifi, muda—"

"Rudisha."

Nikalirudisha. Akaweka lake pembeni, akanipa na langu. Matatu juu ya jiwe. "Sasa tunaanza upya," akasema, na tukapanda.

Mwendo ule wa kupanda nilioufanya asubuhi nikipiga picha, mchana niliufanya roho mkononi. Majabali yalikuwa yanatoa joto kama oveni iliyofunguliwa. Maua ya njano yalikuwa yamejikunja yote, yanafunga kwa jua. Nilikuwa napiga kelele "Mama! Mama!" na sauti ilikuwa inagonga mawe inarudi, mpaka Kokoto akanishika mkono. "Ita mara moja, halafu nyamaza usikilize. Akijibu utamfunika na sauti yako." Nikaita mara moja. Tukasikiliza. Kimya.

Jabali la Ufa halikuwa na mtu.

Nikashika mwamba, ukaniunguza kiganja. Pale Mwalimu alipomwacha palikuwa jua tupu, mchanga mweupe, hakuna fimbo, hakuna mkoba. Akilini mwangu nilikuwa nimeshamzika. Nilimwona ameanguka kwenye korongo, nilimwona anatutafuta huku na huko kichwa wazi, nilimwona kaka yangu anashuka kwenye basi kutoka kazini kwake mbali, ananiuliza, ulikuwa wapi.

Kokoto alikuwa amechuchumaa. "Hapa alikaa," akasema. Aliokota ganda la chungwa, akalivunja kwa vidole. Lilikatika kama biskuti. "Saa tano na nusu, saa sita kasoro, hapa palikuwa na kivuli. Upande huu." Akanyanyuka, akatazama jua, akatazama jabali. "Kivuli kimehama, wifi. Na yeye kahama nacho."

Akazunguka jabali taratibu, kama mtu anayesoma. Nilitaka kumsukuma. Upande wa pili, chini ya ukingo, ganda lingine. Hili lilikuwa limekunjamana lakini halikukatika. Palikuwa jua tayari. Akatafuta kwa macho kivuli kilichofuata: jabali dogo, hatua thelathini mbele, mbali kabisa na njia. Pale tukakuta alama ya fimbo mchangani na ganda la tatu. Kokoto alilibonyeza. Lilimwachia unyevu kwenye dole gumba. Akanionyesha dole lile, na mimi nikaanza kulia upya.

Kivuli cha mwisho kilikuwa kati ya majabali mawili yaliyoegemeana, kama mlango wa chumba. Kwanza niliona viatu. Vya kufunga, vidole vinatazama juu, havitikisiki. Halafu sketi. Halafu kofia, imefunika uso wote, na mikono imekunjwa kifuani kama watu wanavyowakunjia wengine wasioweza kujikunjia wenyewe.

Nilisimama. Nasema kweli, mguu ulikataa. Kokoto ndiye aliyeingia. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ile mikono, akakaa hivyo, na mimi nikawa natazama mgongo wake nisome. Kisha akainua kofia.

"Mmechelewa," Mama akasema.

Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na la kulia alikuwa ameliegemeza kwenye mwamba. Midomo ilikuwa imekauka na uso umewiva, lakini alikunywa maji, kidogo kidogo kama Kokoto alivyomwamuru, na akaanza kutugombeza kwa mpangilio mzuri kabisa. Kwanza mimi, kwa kulialia. Halafu Mwalimu, kwa kuongea sana. Kokoto hakugombezwa. Tulimlowesha shingo, tukasubiri nusu saa kivulini, kisha tukashuka naye, mmoja mbele mmoja nyuma. Tulikutana na watu wa uokoaji chini kidogo ya Jabali la Ufa. Mmoja alimpima presha, akashangaa.

"Bibi, hukuogopa?"

"Niogope nini?" Mama akamjibu. "Kokoto langu liko kule chini."

Kokoto alikuwa anafunga begi, hakuinua kichwa.

Chini, jiwe bapa lilikuwa na makokoto matatu kama tulivyoyaacha. Mama aliliona lake kutoka mbali, akalinyooshea fimbo. "Unaona? Lipo," akamwambia Kokoto. "Nilijiambia, huyu mtoto aliniambia kwa mdomo wake, likiwa hapa hatuondoki. Sasa nihangaike kwa nini? Nikalala zangu."

Kokoto alinitazama. Hakukuwa na amri kwenye macho yake, wala msaada. Angeweza kusema gari liliharibika na Mama angeamini mpaka kufa. Aliniachia mwenyewe.

"Mama," nikasema, "halikuwepo."

"Nini?"

"Kokoto lako. Nililitoa mimi. Nilidhani umelidharau, nikalitia kwenye kopo ili wifi asijue. Akahesabu, akakuta yametimia, tukaondoka. Tulifika mpaka lami. Tumelirudisha tulipokuja kukutafuta."

Mama alikuwa bado ameinua fimbo. Akaishusha. "Tangu saa ngapi?"

"Saa sita na robo."

Alifikiri. Nilimwona anahesabu, anarudi kwenye kila kivuli, ganda la kwanza, la pili, la tatu, na safari hii hakuna mtu anayekuja. Ndipo magoti yakaanza kumtetemeka. Saa zote zile kwenye jua hakuogopa hata kidogo, na sasa, amesimama mita tano kutoka kwenye gari, woga wote ukamjia kwa mpigo. Kokoto alimdaka kabla hajaanguka, akamkalisha ukingoni mwa jiwe, akamshika. Mama alimng'ang'ania shingoni mkwe wake yule anayetembeza watu kama mbuzi, akawa anapumua mdomo wazi, na mkono wake mmoja ulinisukuma nilipokaribia.

Watu wa uokoaji walijifanya wanapanga kamba.

Baadaye alijifuta uso, akasimama mwenyewe, akageukia makokoto. Mgongo wake haupendi kuinama, na jiwe ni la chini. Niliona anavyohangaika, na mkono wangu, kwa mazoea yake ya kurahisisha mambo, ukatangulia kumchukulia.

Alinichapa kofi kwenye vidole, la nguvu, la utotoni.

"Acha," akasema. "Mkono wangu umefika."

Akainama, akalichukua mwenyewe, akalitia kwenye kopo. Mimi nikachukua langu. Kokoto akamaliza na lake, akatazama jiwe, akahesabu mara mbili. Mama alikaa mbele, karibu naye. Mimi nilikaa nyuma, kopo mapajani, nikalishika kwa mikono yote miwili mpaka mjini.